Sura ya Saba: Kamera Chini ya Kitambaa Cheusi

"Ijumaa nitakiri," Wenseslaus alisema.

Sajini Dominika aliweka kalamu mezani. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, na kijana aliyekaa mbele yake alikuwa amekaa mahabusu siku ishirini na saba. Alikuwa anakohoa tangu alipoingizwa chumbani.

"Utakiri nini?"

"Kwamba nilimgonga mzee Basili."

"Ulimgonga?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Wenzangu humu wanasema ukikiri, hakimu anakupunguzia. Ukikataa, unakaa mwaka mzima ukingoja mashahidi. Mama anatembea kutoka Shirimatunda kila siku na chakula. Amekonda, Sajini. Hujamwona?"

Alikuwa amemwona. Martha alikuwa nje wakati huohuo, amekaa chini kando ya ukuta, sufuria ya mtori wa ndizi mapajani, imefungwa kwa khanga isipoe.

"Hebu nirudie. Taa ya kushoto ilivunjika lini?"

"Jumamosi, siku tatu kabla. Kwenye geti la kwetu. Mama aliona."

"Nani mwingine aliona?"

"Mbuzi."

"Mbuzi haapishwi mahakamani. Endelea."

"Jumanne nilikuwa nateremka kutoka Marangu na pikapu ya bosi. Ukungu mzito, manyunyu. Kufika ile kona ya darajani nikaona mtu amelala barabarani na mwenyekiti Remigius anapiga kelele za kuomba msaada. Nikasimama. Nikashuka. Nikamshika yule mzee mkono, ulikuwa wa baridi. Watu wakafika, wakaangalia taa yangu, wakaniangalia mimi. Basi."

"Ungepita bila kusimama?"

"Ningekuwa nyumbani," alisema Wenseslaus.

Dominika alifungua jalada kwa mara ya kumi na ngapi hakujua. Askari wa zamu aliandika vizuri ingawa kwa haraka. Mwili ulikutwa kwenye kona ya daraja, Jumanne tarehe kumi na moja Juni, saa kumi na mbili na nusu jioni. Vipande vitatu vya kioo cha taa vilikutwa katika mikunjo ya koti la marehemu. Mjane wake, Elizabeth, alisema mumewe alitoka na jembe kwenda kuangalia zamu yake ya maji. Jembe halikuonekana.

Vipande vitatu, vyote kwenye koti. Barabarani, hata kimoja hakikuandikwa. Mwezi mzima Dominika alikuwa anauzunguka mstari huo. Taa ikipasuka juu ya mtu, vioo humwagika chini kama mchele. Kama pale chini hapakuwa na kioo, basi hakugongewa pale. Aligongewa mahali pengine, akabebwa, akalazwa kwenye kona. Na mtu mzima habebwi begani kwenye mteremko ule. Hubebwa na gari.

Mkuu wake alimsikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Una mpaka Alhamisi jioni. Ijumaa kijana akikiri, jalada limefungwa. Gari sina la kukupa, na mafuta sina."

"Gari ninalo."

"Ile Datsun?" Mkuu alicheka. "Aisee, Dominika, itakufikisha Marangu au utaifikisha?"

*

Njia ile hupitwa na watu walewale, saa zilezile. Aliyepita Jumanne ile jioni, alipita na Jumanne iliyofuata. Lakini Dominika akisimama kando ya barabara na daftari, habari ingetangulia mbele yake kijiji kizima, na mwenye hatia angepitia njia ya juu. Akiendesha mwenyewe hawezi kuandika namba za magari ndani ya ukungu. Alihitaji macho mengine ndani ya gari, ambayo hayasahau na ambayo hakuna anayeyaona.

Gulnar alikuwa na macho hayo matatu, yamepangwa kwenye kabati la kioo katika studio yake mjini. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, na kwa miaka kumi na tano alikuwa akipiga picha za video kwenye harusi za Wahindi wa Moshi, hasa zile shughuli za wanawake ambazo mpiga picha mwanamume haruhusiwi kuingia.

"Jioni, unasema? Ndani ya gari bovu?"

"Zee. Si bovu."

"Datsun ya mwaka gani?"

"Sabini na sita."

"Bovu." Gulnar aligonga kioo cha kabati kwa pete yake. "Hii kubwa ya mkanda wa VHS, inakaa begani. Ukiiweka kwenye dashibodi wewe huoni njia, na sisi tunakuzika. Hii ndogo kabisa ya dijitali, safi sana mchana. Jua likishuka inaona uji mtupu. Sikudanganyi, ilinipotezea harusi moja. Hii ya katikati, ya mkanda wa Hi8, imechakaa, lakini kwenye giza inaona kama paka."

"Nipe paka."

"Betri inakaa dakika arobaini. Lazima itumie umeme wa gari. Na Jumamosi nina harusi, iwe imerudi."

"Itarudi Ijumaa."

"Na ikivunjika?"

"Kuna kijana anakwenda jela kwa kosa la mtu mwingine, Gulnar."

Gulnar alimtazama, kisha akachukua mkoba wake na funguo za studio. "Basi nitakuja nayo mwenyewe. Ninyi hamjui hata kuiwasha."

Walimkuta Ketan mtaa wa Majengo, kwenye banda lake la umeme wa magari. Alikuwa fundi mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinama chini ya usukani wa Datsun, akagusa waya mmoja mmoja.

"Dada Dominika. Nani aliweka karatasi ya sigara badala ya fyuzi?"

"Marehemu mume wangu."

"Mungu amrehemu. Alitaka kukutangulia, au mwende wote kwa moto?"

Tundu la kuwashia sigara, ambalo chaja ya kamera ilitakiwa kuingia, lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha chupa tangu zamani. Ketan alilichomoa, akakuta nyaya zimeoza. Alivuta waya mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi, akafunga tundu jingine alilolitoa kwenye gari la chuma chakavu, akalificha chini ya dashibodi upande wa abiria. Akaweka fyuzi ya kweli. Kisha akawasha injini, akapima, akatikisa kichwa.

"Altaneta yako inaruka. Ukikanyaga mafuta sana, inapeleka moto mwingi na chaja itaungua. Panda mlima taratibu."

"Inapanda taratibu bila kuambiwa."

Alitengeneza kishikio cha chuma, akakikaza kwa bolti mbili juu ya dashibodi. Wakazunguka Majengo mara moja na kurudi. Gulnar alitazama picha kwenye kidirisha cha kamera, akampa Ketan.

"Hii ni video ya tetemeko la ardhi," Gulnar alisema.

Injini ilikuwa inatikisa chuma, chuma kinatikisa kamera. Ketan akasema akatafute springi. Dominika akasema hana muda wa springi. Alikwenda kwenye duka la jirani, akarudi na kilo mbili za maharage, akayamwaga ndani ya mfuko wa mto, akaufunga kamba. Aliulaza juu ya dashibodi, akaikandamiza kamera katikati mpaka ikatulia kama mtoto mgongoni, kisha wakaifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu. Wakazunguka tena. Picha ilitulia.

"Chuo gani kinafundisha hivyo?" Ketan aliuliza.

"Nimelea watoto wanne."

Juu yake Dominika alitandika kitambaa cheupe cha kufuma, kama vile vilivyotandikwa kwenye dashibodi za magari nusu ya mji. Aliacha tundu dogo tu la lenzi. Gulnar akatazama tena.

"Cheupe kinajirudia kwenye kioo. Barabara yote ina maua ya kufuma. Kitafutwe cheusi."

Dominika alifungua buti. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheusi alichojifunga kichwani siku ya kumzika mumewe. Alikikung'uta vumbi, akakitandika. Mwisho, Gulnar aliizuia kamera isijitafutie shabaha yenyewe, akaweka lenzi kwenye umbali mrefu na kuibana kwa gundi ya karatasi.

"Nisingefanya hivyo, ingekuchukulia video ya ufa wa kioo chako njia nzima."

*

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni hiyo Dominika alianza kupanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alipita kona ya daraja, akaendelea. Zaidi ya nusu kilomita juu ya daraja, mahali ambapo mfongo, ule mfereji wa kunyweshea mashamba, unapita chini ya barabara, taa mbili zilitokea mbele yake upande wake wa njia. Alikanyaga breki. Datsun ikateleza, ikasimama tairi moja nje ya lami.

Pikapu ya Peugeot rangi ya maziwa ilisimama sambamba naye. Mwenye kofia aliyekuwa ndani alishusha kioo.

"Samahani sana, mama. Nilikwepa shimo. Kumbe ni Sajini?"

"Shikamoo, mzee Remigius."

"Marahaba. Pole kwa baridi. Bado mnahangaika na kifo cha ndugu yetu?"

"Bado."

"Mungu awasaidie. Karibu nyumbani upate chai, ni pale juu ya daraja."

"Asante, siku nyingine."

Remigius alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kusalisha rozari misibani, na ndiye aliyeuona mwili kwanza. Taa zake zote mbili zilikuwa nzima, zimepauka sawasawa. Dominika alizitazama kwa sababu alikuwa anatazama kila taa. Akaendelea na njia.

Usiku huo hakukesha. Aliitazama kanda asubuhi ya Jumanne kwenye studio ya Gulnar, akaandika magari kumi na saba. Moja lilimsimamisha. Lilikuwa Isuzu ya bluu, bampa jipya, taa mpya ya kushoto inang'aa kama sarafu.

Dereva wake alikuwa Filemon, aliyebeba wapagazi wa mlimani. Alimkuta getini Marangu saa tano, anapakia mizigo.

"Taa hii ulibadilisha lini?"

"Katikati ya Juni."

"Kwa nini?"

"Mpagazi alipiga rivasi akiwa hajui kuendesha. Alisema anajua."

"Wapi?"

"Rongai, upande wa pili wa mlima."

"Tarehe?"

Filemon alikuna kichwa. "Sajini, mimi nakumbuka wageni, sikumbuki tarehe. Walikuwa wazee wa Kijerumani, mmoja alikuwa na mguu wa plastiki, na alifika kileleni. Mimi na miguu yangu miwili sijawahi."

Dominika hakucheka. Alitumia saa mbili kutafuta simu, na saa nyingine kusubiri mtu wa geti la Rongai afungue kitabu. Filemon aliingia tarehe nane Juni, akatoka kumi na nne. Sahihi yake ilikuwepo, na mguu wa plastiki uliandikwa kwenye safu ya maelezo. Jumanne ya kifo, Isuzu ilikuwa upande mwingine wa Kilimanjaro.

Jioni alipanda tena. Pale kwenye mfongo, pikapu ya rangi ya maziwa ilimjia tena upande wake, akakwepa tena, akatukana kwa sauti ndani ya gari mwenyewe. Alirudi na kanda ya pili, na mikono mitupu.

*

Jumatano asubuhi mkuu alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Umesikia? Mama wa mtuhumiwa jana amepeleka sale kwa mjane."

"Amefanya nini?"

"Sale. Jani zima, limefungwa fundo. Amepiga magoti mbele ya jumuiya yote. Mwendesha mashtaka ameshaambiwa. Dominika, tuache. Hata familia yake imekubali kosa."

Alimkuta Martha kwenye ukuta uleule, na sufuria ileile.

"Mama Wenseslaus, ni nani aliyekushauri?"

"Hakuna."

"Unajua ulichofanya? Mchagga akikuletea sale anaomba msamaha. Na anayeomba msamaha ana kosa! Mwanao hana kosa, wewe unakwenda kuomba msamaha wa nini?"

"Wa chochote!" Sauti ya Martha ilipasuka. "Nilisema labda mjane akilishika sale hatakwenda kusema kwa hakimu. Sale halikataliwi. Wewe ungefanya nini? Ungekaa na sheria zako? Anakohoa damu, Dominika. Jana nimeona kwenye kitambaa."

Dominika alikaa chini kando yake, kwenye vumbi, na sare yake.

"Mjane alipokea?"

"Alinyoosha mkono. Kisha akasema mwenyekiti ndiye aseme neno kwa niaba ya ukoo."

"Remigius akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alilitazama lile jani mkononi mwangu. Halafu akatoka nje, na hakurudi. Tukamaliza wenyewe."

Dominika aliandika kwenye daftari: *alitoka nje*. Jioni alipanda mara ya tatu, taratibu kama Ketan alivyomwambia. Mvua ilikuwa inanyesha na paa la Datsun linavuja kwenye goti lake la kulia. Pale kwenye mfongo alikuwa ameshajiandaa, akasogea pembeni mapema. Pikapu ikapita upande wake, kama jana, kama juzi.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa mbele ya televisheni ya Gulnar, kanda ya tatu ikizunguka. Dominika alikuwa na orodha tatu. Hakuna gari jipya. Aliitazama mara ya pili, kisha akatupa kalamu.

"Hakuna kitu."

"Sasa huo mmea ni wa nini?" Gulnar aliuliza.

"Mmea gani?"

"Rudisha. Hapo. Kulia kwako, kwenye ukingo wa ule mfereji. Haukuwepo juzi. Mimi natazama fremu, usinibishie."

Gulnar aliweka kanda ya Jumanne. Ukingo ulikuwa na nyasi tupu. Akaweka ya Jumatano, akasimamisha. Picha ilitetemeka, ikatulia. Mche mmoja wa sale, majani yake marefu yamesimama wima, umepandwa mita moja kutoka kwenye lami. Jani la juu lilikuwa limefungwa fundo.

Dominika alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Ninyi mnapanda hiyo kwenye mipaka, si ndiyo?" alisema Gulnar. "Ni mpaka wa shamba?"

"Mpaka haupandwi barabarani. Na mpaka haufungwi fundo." Aligusa lile fundo kwenye kioo. "Hiyo ni ya kumwomba mtu msamaha. Mtu amemwomba marehemu msamaha, mahali ambapo marehemu hakufia."

"Kwa mujibu wa jalada lenu."

"Kwa mujibu wa jalada letu. Anayejua kwamba ni hapo ni mmoja tu. Niwekee tena Jumatatu. Peleka mbele. Hapo, breki yangu. Simamisha."

Pikapu ya rangi ya maziwa, upande usio wake.

"Jumanne."

Mahali palepale, upande usio wake.

"Jumatano."

Palepale.

"Ana shimo gani huyu?" Gulnar aliuliza.

"Hakuna shimo. Magari mengine kumi na sita yanapita katikati ya njia yao. Huyu peke yake hawezi kukanyaga pale." Dominika alifungua jalada kwa haraka mpaka ukurasa ukachanika. Maelezo ya shahidi wa kwanza, aliyeuona mwili. Alisoma kwa sauti. "'Nilikuwa natembea kwa miguu kuelekea darajani.' Siku tatu mfululizo saa ileile yuko kwenye gari, Gulnar. Jumanne ile alikuwa kwa miguu. Gari lilikuwa wapi?"

Gulnar alikuwa ameshazima televisheni na kuchomeka betri mpya.

"Twende," alisema. "Nitapiga mwenyewe, wewe utaleta tetemeko jingine."

*

Saa sita mchana ukungu ulikuwa umepanda. Dominika alimwita balozi wa nyumba kumi awe shahidi, akavua viatu, akaingia kwenye mfongo. Maji yalikuwa ya baridi ya barafu ya juu. Gulnar alisimama ukingoni na kamera, viatu vyake vya mjini vikizama kwenye tope.

Chini ya mche wa sale, kwenye matope ya ukingo, kidole cha Dominika kilikatwa na kitu. Akakitoa. Kipande cha kioo chenye mistari. Akatoa kingine. Akakaza macho, akatoa kumi na kimoja, kimoja kimoja, akiviweka kwenye bahasha na kutaja idadi kwa sauti ili kamera isikie. Mfukoni alikuwa na kipande kimoja cha kielelezo kutoka kwenye koti. Alikilinganisha na cha saba. Ufa uliingia kwenye ufa.

Mita nne chini ya hapo, ambako maji huingia chini ya barabara, kulikuwa na takataka za migomba zilizokwama. Aliingiza mkono mpaka begani. Akalivuta jembe.

Balozi aliliangalia mpini. "Hilo la Basili," alisema. "Mpini huo mimi ndiye niliyemchongea."

Walisubiri. Gulnar na balozi walikaa kwenye ukuta wa mawe, kamera ikarudishwa juu ya maharage yake, chini ya kitambaa cheusi. Saa kumi na mbili jioni ukungu ulirudi. Saa kumi na mbili na robo taa mbili zilishuka mteremko, zikaanza kuvuka kwenda upande mwingine wa njia, zikakuta Datsun imeegeshwa huko. Pikapu ilisimama. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo ilisimama upande wake, tairi la kushoto karibu kabisa na sale.

Remigius alishuka. Aliona jembe mkononi mwa Dominika.

"Sajini."

"Mzee Remigius. Shimo liko wapi?"

Remigius aliitazama lami, nzima isiyo na shimo.

"Kabla hujasema neno, mimi ni askari polisi, hulazimiki kusema lolote, na utakalolisema linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sale hili umepanda wewe?"

"Jana alfajiri." Alivua kofia. "Yule mama alipopiga magoti mbele yangu na sale langu mkononi. Nilisema ni langu, Sajini. Moyoni nilisema, hilo ni langu, kwa nini analibeba yeye?"

"Ungesema mdomoni."

"Ndiyo."

"Jumanne ile."

"Ukungu. Alitoka kwenye mfongo na jembe, sikumwona mpaka yuko kwenye kioo. Nilimpakia nyuma nimpeleke hospitali. Kufika juu ya daraja nikasimama kumwangalia, akawa ameshakata roho. Nikamlaza kwenye kona. Nikapeleka gari nyumbani, nikarudi kwa miguu kupiga kelele, ili aonekane na watu, asilale na mvua. Nilisema watu watadhani ni gari lisilojulikana. Basi. Halafu akaja kijana na taa iliyovunjika."

"Akasimama kusaidia."

"Akasimama." Remigius alifuta uso kwa kofia. "Na mimi nikanyamaza siku moja. Siku ya pili kunyamaza kukawa rahisi."

"Taa yako?"

"Nilichomoa kwenye gari la marehemu baba. Liko juu ya mawe nyuma ya zizi. Zinafanana."

Aliona nukta nyekundu ndani ya Datsun, chini ya kitambaa.

"Kile ni nini?"

"Kamera."

"Imewaka?"

"Tangu Jumatatu."

Aliitazama muda mfupi, kama mtu anayesoma tangazo. Kisha akainama, akakata jani la juu la sale, lile lenye fundo, akalishika kwa mikono miwili. "Nipeleke kituoni," alisema. "Lakini tupite kwanza kwa yule mama. Ni njiani kwako?"

Haikuwa njiani. Shirimatunda ilikuwa upande mwingine wa mji. Dominika alitazama saa, akatazama geji ya mafuta.

"Ingia," alisema.

*

Martha alikuwa jikoni, anapiga pasi ya mkaa shati jeupe. Shati la mahakamani. Kola ilikuwa imechanika, ameishona kwa uzi usiofanana sana. Alipoona watatu mlangoni, na aliyekuwa mbele, aliiweka pasi kwenye kibati chake.

Remigius alipiga magoti juu ya sakafu ya udongo, akanyoosha jani. Alisema yote, kwa Kichagga, polepole, bila kuruka kitu. Gulnar hakuelewa neno hata moja, lakini alizima kamera bila kuambiwa.

Alipomaliza, jani bado alikuwa amelinyoosha. Wote walijua kwamba sale halikataliwi. Martha alijua kuliko wote, kwani juzi alikuwa amelibeba lake kilomita arobaini.

"Ijumaa saa tatu," alimwambia Dominika. "Bado atakiri?"

"Nakwenda kumwamsha mwendesha mashtaka sasa hivi, nikiwa na mzee huyu na kanda hizi. Mwanao hatasomewa kitu cha kukiri."

"Una uhakika?"

"Hapana. Ila nitakuwa mlangoni pa mahakama kabla yake."

Martha aliitikia kwa kichwa. Alichukua jani kutoka mikononi mwa Remigius. Hakulisogeza kifuani, wala hakulirudisha. Alilikunja shati, mkono kwa mkono, akaliweka sale juu yake, akampa Remigius vyote viwili.

"Simama," alimwambia. "Wa kuombwa msamaha si mimi. Kesho utampa mwanangu mkononi, na shati lake. Akiwa nje."

Kisha akarudi kwenye jiko, akaangalia kama mtori umeiva.